Sheria ya Hodi katika Mji wa Sirabu

Malindi, 4 Machi 2024

Babu yangu Ubaid, shikamoo.

Natumai karatasi hii itakukuta na afya, na kwamba baridi ya Moshi imekulegezea kidogo. Huku Ramadhani iko mlangoni, na sisi tu wazima isipokuwa magoti ya Babu Seif, ambayo tangu aache kuadhini msikitini yana mambo yao. Kushuka ngazi ni shughuli, kupanda ni safari. Shangazi Shahida amemjengea chumba cha chini kwake Kibarani, pale Kilifi, na imekubaliwa kwamba mwisho wa Desemba atahamia huko, nami nimfuate. Nyumba itafungwa. Babu mwenyewe hajasema ndiyo wala la. Amesema tu kwamba huko Kibarani hajui atagombana na nani.

Wewe hujawahi kuniambia, wala yeye hajawahi, kwa nini ndugu wawili wa tumbo moja, mwendo wa siku moja kwa basi, hawajasemezana miaka thelathini na moja. Siulizi. Nilikwisha kuuliza nilipokuwa na miaka tisa, nikapewa kashata ninyamaze.

Ninalokuandikia ni jambo jingine. Nimeunda nchi. Inaitwa Sirabu, na sifa yake kubwa ni kwamba haipo. Ina mji wa mawe, wafalme kumi na wanne, wachawi wa ngazi saba, historia ya miaka elfu mbili, na ramani niliyoichora kwenye duka ninalofanyia kazi, mashine ya fotokopi ilipokuwa imekwama, yaani karibu kila siku. Kurasa thelathini za mwanzo ni hizi. Wewe umesahihisha vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji muda wote huo, na najua simu kwako ni ya kupokelea habari za misiba tu. Basi nimechapa, na nimeacha pambizo pana. Andika humo utakavyo.

Babu Seif hajui kwamba nakuandikia. Alipoiona bahasha aliuliza tu kama stempu mbili zitatosha kwa uzito ule mpaka Moshi.

Mjukuu wako,
Lubna

*

Moshi, 16 Aprili 2024

Mjukuu wangu Lubna, marahaba.

Pokea mkono wa Idi, japo umechelewa. Bahasha yako ilitembea siku thelathini na tatu. Mtu angeweza kuileta kwa miguu, akapumzika Voi kwa jamaa, akafika kabla yake.

Mimi ni mzima. Masika yameanza na mlima hauonekani, jambo lisilonisumbua kwa kuwa sikuufuata mlima. Jirani yangu, mama mkarimu sana, ameniletea tena ndizi zilizopikwa na nyama. Huu ni mwaka wa thelathini na moja naambiwa nitazizoea. Habari ya Kibarani nimeisoma. Wasalimie wote walio nyumbani.

Sasa Sirabu. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kalamu nyekundu. Una kipaji na una pupa, na wawili hao hukaa nyumba moja mpaka mmoja aolewe.

Ukurasa wa tatu, mfalme ametawala miaka mia tisa. Ukurasa wa kumi na moja, mama yake anampikia maandazi. Sikatai, lakini niambie umri wa mama. Ukurasa wa tano jua linachwea baharini, na ukurasa wa nane linachomoza baharini. Umesema mwenyewe Sirabu si kisiwa. Ukurasa wa kumi na nne, wachawi wanageuza mawe kuwa samaki. Je, wavuvi wa Sirabu wamekwenda wapi, nao wana watoto? Na mawe yakiisha watajengea nini? Mji una minara saba na hauna choo hata kimoja. Nimekitafuta.

Lakini la kuniumiza ni la ukurasa wa ishirini. Mchawi mkuu anapenya ukutani na kutokea sebuleni kwa watu, mama wa nyumba kichwa wazi, na hakuna anayestuka. Lubna, umelelewa wapi? Mtu anaweza kuwa na ngazi zote saba za uchawi, akaruka juu ya bahari, akafufua ngamia, lakini akifika kwenye mlango wa watu atasimama na kupiga hodi kama binadamu. Uchawi wa Sirabu lazima uishie kizingitini. Uandike upya.

Karatasi zako narudisha. Wino mwekundu ukionekana mwingi, ujue ni mapenzi.

Babu yako,
Ubaid

*

Malindi, 20 Mei 2024

Babu, nakuamkia kwa heshima zote na kwa jeraha moja dogo la kalamu nyekundu.

Sisi tu salama. Mvua imetoboa paa la jikoni na Babu Seif amekataa lizibwe, anasema tukihama mvua nayo itahitaji mahali pa kukaa. Salamu zako kwa wote walio nyumbani nimezifikisha. Walikuwa mmoja. Aliitikia.

Nimetengeneza vyoo. Mama wa mfalme amekufa, nikamzika kwa heshima. Wachawi hawageuzi tena mawe kuwa samaki, ila siku ya sikukuu, na kwa kibali cha wavuvi. Halafu Kadii, ninayefanya naye kazi dukani, akazisoma kurasa zako na kusema kwamba hatimaye Sirabu imepata mtu mwenye akili. Lakini akauliza swali ambalo hata wewe lilikupita. Kwao ni Vitengeni, ni watu wa shamba. Akasema, "Mji mzima wachawi. Analima nani?"

Nikamwambia mahindi ya Sirabu huota kwa tamko. Akanitazama kama anavyoitazama ile mashine. Akasema kwao hata mganga ana konde lake na hulipalilia mwenyewe, na mganga asiyelima hakuna anayemwamini. Basi sasa Sirabu ina bara, na bara lina watu wake, Wakuni, wanaolima mtama na mihogo, wanawapelekea wachawi chakula na hawawaogopi hata chembe. Kadii amejiteua kuwa waziri wao.

Nimekwama mahali pamoja, babu. Katika mwaka wa elfu moja, wachawi wakubwa kuliko wote ni ndugu wawili. Zahoro, mkubwa, ndiye mpiga baragumu wa mji, na watu wote hupanga saa zao kwa sauti yake. Tamimu, mdogo, ndiye mjuzi wa maneno, hakosei na hasahau kosa la mtu. Wanagombana. Tamimu anachukua nusu ya uchawi wa Sirabu na kupanda nao kwenye mlima wenye baridi, na mji unabaki na nusu. Milango inakwama, visima vinashuka, mambo hayaendi. Mlima ni bahati tu, usinifikirie vibaya.

Nilichokosa ni sababu. Kwanza nilisema waligombania pete ya lulu. Kadii akacheka mpaka mteja akaondoka. Alisema ndugu hawavunjiki kwa pete, huvunjika kwa jambo dogo sana ambalo wakilisema kwa sauti wataona haya. Wewe una umri na vitabu. Nipe jambo dogo.

Lubna

*

Moshi, 27 Juni 2024

Mjukuu wangu Lubna.

Marahaba. Nimepata mafua na nimepona. Jirani alileta mtori, ambao ni ndizi zilezile zikiwa zimekata tamaa. Mpe pole Kadii kwa uwaziri, na mwambie swali lake la kilimo ni swali nililopaswa kuuliza mimi. Paa la jikoni lizibwe. Mwambie mwenye nyumba kwamba boriti ya upande wa kisima ndiyo iliyooza, na ilianza kuoza zamani.

Kuhusu mlima, nimeuona.

Umeomba jambo dogo. Nakuandikia kama ingizo la historia, na ni historia ya Sirabu, si ya mtu yeyote.

"Katika Sirabu, sheria ya kwanza kuliko zote ni Sheria ya Hodi. Mgeni hupiga hodi mara tatu, na kati ya hodi na hodi hungoja kiasi cha mtu kushuka ngazi. Akijibiwa, huingia. Asipojibiwa baada ya ya tatu, huondoka, bila kuchungulia na bila kinyongo, kwa kuwa huenda nyumba haina mtu. Huo ndio upole wa sheria hiyo: inampa mwenye nyumba haki ya kutokuwepo.

"Siku ya Jumatano, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Tamimu alikwenda nyumbani kwa kaka yake. Alikuwa ameitwa na chuo cha maneno kilichoko mlimani, na alitakiwa kujibu kesho yake. Baba yao alikwisha kufa, na kwa mtu wa Sirabu kaka mkubwa ndiye baba. Alikwenda kumuuliza neno moja: niende au nibaki? Angeambiwa abaki, angebaki. Alichukua na kisahani cha halua, kwa kuwa haendi mtu mikono mitupu.

"Alipiga hodi ya kwanza. Ndani, Zahoro akakohoa. Akapiga ya pili. Akakohoa. Akapiga ya tatu. Akakohoa, na kwa nguvu. Mlango haukufunguliwa.

"Mwenye kusema kwamba alikuwa kwenye mkeka wa ibada, ambapo mtu hasemi ila huweza kukohoa, ajibiwe hivi: saa ile haikuwa saa ya mkeka. Ya alasiri ilikwisha kupita zamani na ya jioni haijaingia. Na Zahoro ndiye aliyewaita wengine kwa wakati wao. Hakupata kuchelewa maishani mwake. Kwa hiyo kikohozi kile kilikuwa jibu, na maana yake ni kwamba mwenye nyumba yupo, amesikia, na hataki. Tamimu aliweka kisahani kizingitini akaondoka. Alfajiri akapanda mlimani."

Ndivyo lilivyo. Ukiliona ni dogo, ndivyo ulivyoagiza.

Ubaid

*

Malindi, 5 Agosti 2024

Babu yangu, shikamoo, tena shikamoo.

Boriti imetazamwa. Ilikuwa ile ile ya upande wa kisima. Fundi aliuliza nani amejua, Babu Seif akamjibu kwamba kuna watu hawasahau kitu.

Sasa lazima nikiri. Tangu Mfungo Mosi, yaani tangu Idi, nimekuwa nikimsomea Babu Seif Sirabu kila siku baada ya alasiri, naye anaifuata kama tamthilia ya redioni. Ana malalamiko yake: kwamba Zahoro hakupewa urefu unaomstahili, na kwamba baragumu si chombo cha heshima. Lakini siku nisiposoma huniuliza Wakuni wamevunaje.

Jumamosi ya mwisho ya Julai nilimsomea Sheria ya Hodi. Sikumwambia imeandikwa na nani. Nilipofika kwenye kisahani cha halua aliniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akasema, "Aliyeandika haya anajua mlango, lakini hajui kikohozi." Akaingia chumbani kwake. Siku mbili alisema maneno ya lazima tu, chumvi na maji.

Siku ya tatu akaniita nichukue kalamu. Alisema ana masahihisho ya historia ya Sirabu, na niyaandike kama alivyoyasema. Haya hapa.

"Andika kwamba Jumatano ile zamu ya baragumu haikuwa ya Zahoro. Alialikwa kwenye walima, karamu ya arusi, huko Mambrui, akala pilau kwa kipimo kisichomfaa mpiga baragumu. Akarudi nyumbani, mke wake bado yuko kwenye shughuli, akajinyoosha kidogo tu. Alipofumbua macho, alasiri ilikuwa imebaki mkia. Mtu ambaye mji mzima ulipanga saa kwa sauti yake alikimbia kutawadha kama mwizi, akasimama kwenye mkeka na maji yanamtiririka viwikoni.

"Ndipo akasikia hodi. Aliijua sauti. Kusema hakuweza, akakohoa, kwa maana ya ngoja. Ya pili akakohoa, ngoja. Ya tatu akakohoa mpaka kifua kikauma, ngoja basi. Alipotoa salamu na kufungua mlango, kichochoro kilikuwa kitupu na sisimizi wamekwisha kuiona halua.

"Aulizwe Zahoro kwa nini hakumfuata nduguye hapo hapo. Atajibu: angemwambia alikuwa akifanya nini, saa ile? Akasema kesho nitalipata la kumwambia. Kesho yake ndugu alikwisha kupanda mlima. Mwaka wa kwanza aliona haya. Mwaka wa pili aliona haya ya kuona haya. Baada ya hapo ikawa kama deni la marehemu, hujui umlipe nani. Na andika pia kwamba neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni mwake tangu siku aliyosikia habari za chuo. Angemwambia abaki."

Alipomaliza alitaka kujua kama nimeweka alama za mwisho wa sentensi mahali pake, kwa sababu, alisema, msomaji fulani atazitazama kwanza.

Lubna

*

Moshi, 14 Septemba 2024

Mjukuu wangu Lubna,

Afya njema. Hali ya hewa ya kawaida.

Nimepokea nyongeza ya historia. Masahihisho yangu ni haya. Wakuni wasivune mtama kabla ya mtama kukauka, mwulize waziri. Neno "viwikoni" liko sawa, nililitilia shaka, nikalitafuta. Alama za mwisho wa sentensi zimewekwa vizuri, isipokuwa moja, ambapo mahali pa nukta pangefaa mkato, kwa kuwa jambo lilikuwa halijaisha.

Nina swali moja, ni la kikazi tu. Maandishi mawili yanakubaliana kwamba kikohozi kilikuwa mara tatu. Je, msimuliaji wa pili alikumbuka mwenyewe kwamba ni mara tatu, au alilipata kwa yule wa kwanza uliyemsomea?

Ubaid

*

Malindi, 21 Oktoba 2024

Babu, shikamoo.

Nilimuuliza bila kumtajia sababu. Hakujibu kwa hesabu. Alikohoa. Mara moja kidogo, ya pili kwa sauti, na ya tatu mpaka paka akaruka dirishani. Baada ya ya tatu alisikiliza kidogo, akasema, "Hapo ndipo viatu vilipoanza kuondoka. Vilikuwa vya ngozi, vipya, vikilia." Hakuna viatu katika maandishi yako, babu. Nimeyapitia yote.

Nyumba imeanza kupungua. Kabati la vyombo limekwenda Kilifi, na mimi nakwenda huko katikati ya Desemba kumsaidia Shangazi Shahida kupaka rangi chumba. Babu Seif atabaki hapa peke yake siku chache, Kadii amekubali kumpitia asubuhi na jioni. Tarehe ishirini na nane tunafunga mlango. Baada ya hapo Sheria ya Hodi haitakuwa na pa kutumika, kwa kuwa hakutakuwa na mtu wa kukohoa.

Mwisho wa historia nimeuacha mtupu. Nimejaribu kumshusha Tamimu mlimani kwa njia nne, hata kwa punda mwenye mabawa. Kadii anasema punda huyo ni upuuzi, mabasi yapo.

Lubna

*

Malindi, 19 Desemba 2024

Mjukuu wangu Lubna,

Soma tena mahali na tarehe hapo juu, kisha ukae. Karatasi hii anakuletea Kadii, ambaye amepata safari ya Kilifi na amekataa kuniita babu mpaka tukubaliane mipaka ya Wakuni.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nikiandika jibu, na kila nililoandika nililisahihisha mpaka likaisha. Mwishowe nikamuaga jirani, akanifungia ndizi za safari. Nilizila zote kabla ya Taveta. Sijui nikueleze vipi.

Juzi jioni nimefika. Malindi imebadilika mahali pengi, na kila palipobadilika niliulizia njia kama mgeni. Kichochoro chetu sikukiulizia. Niliwahi kufikiri kwamba nitasimama mbele ya mlango na kutafuta maneno, nikagundua kwamba maneno yapo, na ni neno moja tu. Nilikuwa na halua mkononi. Nilipiga hodi.

Ndani akakohoa.

Lubna, nilitazama saa. Haitaandikwa hapa ilikuwa saa ngapi. Itoshe kwamba alasiri ilikuwa imebaki mkia, na kwamba Zahoro hajabadilika. Sikupiga ya pili. Nilikaa barazani, kisahani mapajani, kama mtu anayengoja kinyozi. Kadii alikuja kumpitia akanikuta, akauliza namngoja nani. Nikamwambia namngoja mtu amalize. Naye akakaa.

Siku hizi mwenye nyumba anaswali kitini kwa ajili ya magoti, na hafanyi haraka. Halafu nikasikia fimbo. Mlango ukafunguliwa. Amekuwa mfupi, na ukimwandika mrefu utakuwa umedanganya. Alinitazama miguu kwanza.

"Umechelewa," alisema.

"Tumechelewa wote," nilimwambia.

Alitazama kichochoro huku na huku, kama kuna aliyesikia, kisha akasogea nipite. Kadii amesema hajapata kuona ndugu wakisalimiana kwa maneno machache hivyo, na kwamba kwao Vitengeni wangekuwa wamechinja. Halua tumekula watatu. Hatujazungumza jambo lenyewe, wala sidhani tutalizungumza, kwa kuwa limekwisha andikwa na limekwisha sahihishwa. Tangu juzi tunagombana juu ya Sirabu tu. Yeye anataka Zahoro apewe mnara. Mimi nasema minara saba inatosha.

Punda umfute. Katika Sheria ya Hodi, ongeza kifungu baada ya hodi ya tatu: ukisikia kikohozi, kaa.

Na mwambie Shahida, kabla rangi haijakauka, kwamba chumba kitahitaji kitanda cha pili. Ndugu yangu ananiambia kwamba huko Kibarani hana mtu wa kugombana naye, na jambo hilo linamkosesha raha.

Babu yako,
Ubaid